Bayi hakusubiri

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, bastola ilipolia kuanzisha fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wa Tanzania alichomoka na kuwaacha wenzake nyuma kabla hawajajipanga. Mzunguko wa kwanza aliumaliza chini ya sekunde 55. Alikuwa kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Karatu, mwanajeshi. Nyuma yake alikuwepo John Walker, mwenye nywele ndefu na fulana nyeusi ya New Zealand, akikimbia mbele ya watu wa kwao. Alikuwepo pia Ben Jipcho wa Kenya, ambaye kwenye michezo hiyohiyo alizoa dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Watu wa aina hiyo ukiwapa nafasi ya kupanga mbio kwa utulivu, umekwisha. Bayi hakuwapa.

Wanaofuatilia riadha wanajua kwamba fainali ya mita 1,500 kwa kawaida haikimbiwi hivyo. Kwa kawaida hakuna anayetaka kukaa mbele. Aliye mbele anakata upepo kwa niaba ya wote, na walio nyuma wanajibanza mgongoni mwake wakitunza nguvu. Wao wanamwona, yeye hawaoni. Hajui nani anahema vibaya, nani bado yuko sawa, nani ameanza kusogea upande wa nje ili ampite. Kwa hiyo watu wanasukumana, wanakanyagana viatu, wanatembea mwendo wa kuviziana, mpaka zinapobaki mita 300 au 200. Hapo ndipo kila mmoja anafyatuka, na mwenye miguu ya kumalizia ndiye anayevaa dhahabu. Ni mbio za kungojana.

Na kungojana kuna sababu ya msingi kabisa. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Ukiingia na kasi ya sekunde 55 kwa mzunguko na ukaishika mpaka mwisho, unamaliza kwa dakika 3 na sekunde 26. Hiyo ndiyo rekodi ya dunia ya leo, aliyoiweka Hicham El Guerrouj wa Morocco mjini Roma mwaka 1998, akiwa na wenzake waliopangwa mapema kumwongozea kasi. Mwaka 1974 hakuna binadamu aliyekuwa karibu na muda huo. Maana yake mzunguko wa kwanza wa Bayi ulikuwa wa mkopo. Nguvu aliyoitumia pale ilikuwa lazima irudishwe mbele ya safari na riba yake: miguu kuwa mizito, mikono kukakamaa, kifua kuwaka moto. Kila mwanariadha uwanjani alilijua hilo, na bila shaka wengi walikuwa wakisubiri siku ya deni kufika.

Mita 800 alipita kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, bado peke yake mbele. Kisha Walker na Jipcho wakaanza kumla. Kwenye picha za video za siku hiyo unaona pengo likipungua kwenye kona ya mwisho, na mstari ulionyooka unapofunguka Walker anakuja kwa hatua zake ndefu, na unajiambia basi, anakamatwa. Hakukamatwa. Alifika kwenye utepe kwa dakika 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker alimaliza kwa 3:32.5, naye akiwa ameivunja rekodi ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, iliyokuwa imesimama tangu 1967. Ameivunja rekodi ya dunia na akapewa medali ya fedha. Jipcho alikuwa wa tatu.

Sasa kuna hesabu moja ambayo mimi ndiyo inayonifanya niandike haya yote. Bayi alipita alama ya mita 1,200 kwa dakika 2 na sekunde 50 na ushee. Toa kwenye 3:32.2. Mita 300 za mwisho alizikimbia chini ya sekunde 42. Ukiigeuza kasi hiyo kuwa ya mzunguko mzima, unapata sekunde 55 au 56. Yaani alimalizia karibu kwa kasi ileile aliyoanzia! Katikati, mzunguko wa pili na wa tatu, alipunguza mpaka sekunde 57, 58. Alipumzika akiwa mbele, mahali ambapo hakuna aliyetegemea mtu apumzike, huku walio nyuma wakitumia nguvu zao kuziba pengo. Walipomfikia, deni walilodhani ni lake peke yake lilikuwa limeshawafikia na wao.

Kwa hiyo kila ninapomsikia mtu akisema Bayi siku ile alikuwa hana akili ya mbio, alikuwa anakimbia tu, huwa nasikia uchungu. Ile ilikuwa akili tupu. Na haikuzuka asubuhi ya siku hiyo. Mwaka mmoja kabla, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alikuwa amemshinda Kip Keino wa Kenya katika mita 1,500, na Keino wakati huo lilikuwa jina ambalo mtoto wa shule yeyote Afrika Mashariki alilijua. Kiangazi cha 1973 alizunguka viwanja vya Ulaya akianza kila mara kwa kasi ileile, na mjini Stockholm Jipcho alimkamata katika mbio za maili. Alikuwa ameshaonja namna zote mbili, ya kutoroka na ya kukamatwa. Alijua pumzi yake inakata wapi.

Na Jipcho mwenyewe, aliyekuwa nyuma yake Christchurch, alikuwa na historia na mchezo huu. Kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, fainali ya mita 1,500 ilikuwa ya Keino dhidi ya Ryun. Ryun alikuwa na miguu ya kumalizia iliyoogopwa dunia nzima. Kumngoja mpaka mita 200 za mwisho ilikuwa ni kumkabidhi dhahabu mkononi. Jipcho, kijana bado, alitoka mbele mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, kasi ambayo kwenye hewa nyepesi namna ile ni ya kutisha, kisha Keino akachukua usukani na kuendelea kukaza. Ryun alibaki nyuma akisubiri waanguke. Keino alishinda kwa 3:34.9, na pengo lilikuwa la takriban mita 20. Keino siku zile alikuwa akisumbuliwa na nyongo na madaktari hawakutaka akimbie. Lakini ukiacha ugonjwa pembeni, mpango wenyewe ulikuwa wazi: sehemu ngumu ya mbio wakaitoa mwishoni, ambako Ryun alikuwa mfalme, wakaihamishia mwanzoni.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kuthubutu. Anayethubutu anaiona hatari sawasawa na wengine. Anachofanya ni kuihamisha, anaiweka mahali ambapo yeye amejiandaa nayo na mwenzake hajajiandaa. Ili aweze kufanya hivyo ni lazima ajitoe hadharani mapema, kila mtu amwone, na akishindwa ashindwe mbele ya macho yote.

Mtaani siku hizi mambo haya yote tunayaita kujilipua. Mtu kaacha kazi bila kupata nyingine, kajilipua. Kachukua mkopo wa kausha damu akaingia shambani kulima matikiti kwa hesabu alizotumiwa kwenye WhatsApp, kajilipua. Kaweka ada ya mtoto kwenye mkeka wa kubeti wa timu 12, huyo naye anaambiwa kajilipua, na mkeka ukichanika anapewa pole ileile anayopewa mfanyabiashara aliyeunguliwa na duka. Na kwenye semina za ujasiriamali utasikia kwamba tatizo letu ni kukosa uthubutu. Mimi sikubali vitu hivi viwekwe kapu moja. Aliyeweka mkeka, akishalipa, kazi yake imekwisha. Hakuna anachoweza kufanya tena kubadilisha matokeo zaidi ya kukaa mbele ya televisheni. Bayi alikuwa na dakika tatu na nusu za kuyafanyia kazi maamuzi yake, hatua kwa hatua, akipima pumzi yake mwenyewe. Hatari ilikuwa yake na chombo cha kuikabili kilikuwa chake. Mkulima wa matikiti yuko mahali fulani katikati. Kama amelima eka moja ya majaribio, anajua bei ya sokoni inavyoanguka mzigo ukizidi, anajua maji atayatoa wapi kisima kikikauka, halafu akaamua kuingia na eka tano, huyo namvulia kofia hata akipata hasara. Kama alichonacho ni karatasi ya hesabu ya mtu mwingine, sioni tofauti kubwa kati yake na mwenye mkeka, na wanaomsukuma kwa maneno matamu nawalaumu kuliko ninavyomlaumu yeye.

Nilijifunza hili vizuri zaidi kwa binti mmoja kuliko kwa semina yoyote. Ilikuwa mashindano ya shule za sekondari ngazi ya wilaya, kwetu huku Manyara. Uwanja wa vumbi, mistari ya chokaa imeanza kufutika, upepo wa mchana umeshaanza. Mita 1,500 wasichana. Binti mmoja mwembamba, pekupeku, akatoka mbele tangu mwanzo na kuwaacha wenzake mita 30 hivi. Mwalimu wake alikuwa pembeni ya uwanja akikimbia naye sambamba huku akipiga kelele, "Tulia! We binti, tulia! Utakata pumzi!" Hakutulia. Mzunguko wa mwisho wawili walimpita, akamaliza wa tatu na kuanguka kwenye nyasi kavu.

Baadaye nilikuwa nimesimama karibu wakati mwalimu anamsema, kwa upole lakini anamsema. Kwamba angengoja, angekuwa wa kwanza. Binti akamsikiliza mpaka akamaliza, halafu akasema, "Shikamoo mwalimu, naomba niseme. Mimi mwishoni sina mbio. Nikingoja nao, wananipita wote, nakuwa wa saba. Mwaka jana nilikuwa wa saba." Mwalimu alinyamaza. Nafikiri alikuwa anakumbuka mwaka jana. Binti alikuwa amejipima, akajua hana mguu wa kumalizia, akajua wenzake wanao, akachagua njia pekee iliyokuwa na dhahabu ndani yake hata kama ilikuwa nyembamba. Ya kungoja ilikuwa salama, lakini mwisho wake ulikuwa nafasi ya saba. Wale waliokuwa wakimcheka pembeni kwamba hajui mbio walikuwa wamekosa kuelewa kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa na mpango.

Tangu hapo nikitazama mtu anayeongoza mbio naangalia kwanza amekimbia na nani. Walker alikuwa hatari mwishoni. Ryun alikuwa hatari mwishoni. Kutangulia mbele ya watu kama hao, mara nyingi, ndiyo hesabu iliyo sahihi zaidi. Inaonekana wazimu kwa sababu tumezoea kuona hatari kwa aliyetangulia na hatuioni kwa aliyejificha kwenye kundi.

Ushahidi wa jinsi mchezo huu ulivyo adimu ni huu. Rekodi ya dunia ya Bayi ilivunjwa na Sebastian Coe mwaka 1979 mjini Zürich, jambo la kawaida, rekodi huvunjwa. Lakini rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa mpaka mwaka 2022, Birmingham, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12. Miaka 48! Katikati hapo walipita wanariadha wengi waliokuwa na kasi kuliko Bayi, Wakenya wakiwemo, waliokuwa wakikimbia 3:30 kwenye mashindano ya kulipwa ya Ulaya, ambako kuna wa kuwaongozea kasi. Wakifika kwenye fainali ya medali walikuwa wanangojana.

Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi alifanya tena. Maili moja, mbele tangu mwanzo, dakika 3:51.0, sehemu moja ya kumi ya sekunde chini ya rekodi nyingine ya Ryun. Agosti mwaka huohuo Walker akaichukua mjini Göteborg kwa 3:49.4, mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Dunia nzima ya riadha ikawa inangoja Montreal 1976, wawili hawa wakutane tena.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand, na zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zikasusia michezo. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Walker alichukua dhahabu Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39, mbio za polepole za kungojana, na kila mpenzi wa riadha ninayemjua ameshajiuliza ingekuwaje kama Bayi angekuwepo kuziharakisha. Bayi alikuwa na miaka 23. Kwa mkimbiaji wa mita 1,500 huo ndio umri wenyewe.

Mimi naamini nchi ilifanya sahihi. Nalisema nikijua kwamba gharama yake ililipwa na kijana mmoja aliyeamka alfajiri miaka yote ile. Kususia nako kulikuwa kuthubutu, nchi maskini kukataa jukwaa kubwa kuliko yote kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, lakini tofauti na uwanjani, aliyeamua hakuwa yeye aliyelipa zaidi. Kila tunapowasifu viongozi kwa msimamo ule, jina la Bayi na majina ya wanariadha wenzake yanastahili kutajwa kwenye sentensi hiyohiyo.

Alipoipata Olimpiki yake, Moscow 1980, hakukimbia mita 1,500. Aliingia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, viunzi 28 na dimbwi mara saba. Na akafanya kilekile. Alitangulia, akafungua pengo kubwa, akabaki peke yake mbele ya uwanja uliojaa. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland, aliyekuwa na fedha ya Montreal, alimfikia na kumpita. Malinowski 8:09.7, Bayi 8:12.5. Fedha. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na mpaka leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania.

Wapo wanaosema Moscow Bayi alikosea na Christchurch alipatia. Nimebishana na watu kuhusu hili vijiweni na nitaendelea kubishana. Alifanya kitu kilekile mara zote mbili, kwa sababu zilezile. Kilichotofautiana ni aliyekuwa nyuma, na nguvu zilizobaki, na viunzi. Ukimsifu mtu kwa kuthubutu siku aliyoshinda na kumwita mjinga siku aliyokuwa wa pili, basi ulichokuwa unakisifu ni medali. Mimi namhukumu kwa alichokijua kabla bastola haijalia, na kwa kipimo hicho sioni kosa Moscow. Angengoja na Malinowski, mzoefu wa viunzi kuliko yeye, angepata nini? Pengine fedha ileile. Pengine chini ya hapo.

London, Agosti 2012, tuliona mrithi wake, ingawa ni wa mita 800 na ni wa jirani zetu. David Rudisha aliongoza tangu mwanzo, mzunguko wa kwanza sekunde 49 na ushee, bila mtu wa kumwongozea, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Kinachonishangaza ni waliokuwa nyuma. Timothy Kitum, kijana wa miaka 17, alipata shaba kwa 1:42.53. Aliyeshika mkia, wa nane, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu kwenye fainali ya Beijing, ya Athens au ya Sydney. Mtu mmoja kukubali kukata upepo peke yake kuliwavuta wengine saba hadi mahali ambapo wasingefika wakingojana. Christchurch ilikuwa hivyohivyo kwa Walker na wenzake.

Halafu likaja la Tokyo, Septemba 2025, na limenilazimisha nifikiri upya sehemu ya hoja yangu. Alphonce Simbu wa Singida, naye mwanajeshi, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa 2:09:48, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Alishinda kwa namna iliyo kinyume kabisa na Bayi. Alikaa kwenye kundi saa mbili nzima kwenye joto, akaingia uwanjani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, na akampita kwenye hatua za mwisho kabisa. Walipewa muda uleule. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na ilibidi picha itazamwe ndipo bingwa atangazwe. Simbu alikuwa na miaka 33, na shaba ya London 2017 nyumbani. Kwa mwanariadha mwenye umri huo, kumwachia Petros atangulie ndani ya uwanja huku mita zikiisha kulihitaji moyo ambao mimi, shabiki wa wanaotangulia, nilikuwa sijautilia maanani vya kutosha. Naye alikuwa amejipima. Alijua mguu wake wa mwisho upo, akauwekea dau la kazi ya maisha yake yote. Nimewasikia vijana wa Hanang' na Mbulu wakibishana ni yupi wa kuigwa, wa Christchurch au wa Tokyo, na ninapoulizwa huwa nawauliza na wao: wewe mwishoni una mbio?